JUA NA MIFUPA YA WATOTO WETU
Maneno ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi



Habari za hisa na mikopo atazisema mweka hazina. Sisi tumeona tuseme jambo lililoleta ubishi siku ya hisa, maana halijaisha. Alipita muuzaji na vidonge vya vitamini D. Alisema vinatibu mgongo, presha na hata kifua kikuu. Wapo waliotaka tutoe fedha za mfuko wa jamii tununue chupa za kutosha kila mama. Kamati ilikataa, na leo tunaeleza kwa nini.

Vitamini D yenyewe si uongo. Mwili ukiikosa, chakula kinapita tumboni bila kuacha kalsiamu ya kutosha, na mifupa inakosa nguvu. Mtoto anachelewa kusimama, miguu inapinda, ndiyo matege hayo. Mtu mzima naye mifupa inauma na misuli inalegea. Ulaya zamani, watoto wa miji yenye moshi wa viwanda waliugua sana. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwatibu watoto wa namna hiyo kwa mwanga wa taa tu. Basi ikajulikana kuwa ngozi ikipigwa na mwanga, mwili unajitengenezea wenyewe.

Sasa sisi Iwawa tuko juu, zaidi ya mita 2,000, na jua letu ni kali hata kukiwa na baridi. Shida ni hiyo baridi. Mwezi wa Juni na Julai mtoto anafungwa sweta, kofia, soksi na blanketi juu, anakaa jikoni kwenye moshi mpaka jioni. Jua litampatia wapi? Na maziwa ya mama, pamoja na uzuri wake wote, yana vitamini D kidogo.

Wataalamu waliwapima Wamasai na Wahadzabe wa hapa hapa Tanzania, wakatoa matokeo mwaka 2012. Walikuta kiwango cha wastani cha 115, wakati wengi Ulaya hawafiki hapo. Hawakuwa wakimeza kidonge, ni watu wa kushinda nje.

Kwa hiyo akina mama, jua likishapanda, mtoeni mtoto nje kidogo, mikono na miguu iwe wazi, uso mkinge, na msimwache aungue. Jua la kupitia kioo cha dirisha halifai kwa kazi hii, linaleta joto tu. Ngozi nyeusi inataka muda zaidi kuliko nyeupe. Lakini ndugu zetu wenye ualbino hili haliwahusu kabisa! Wao wajikinge, na vitamini wapate kwa chakula na ushauri wa daktari.

Chakula nacho kipo: kiini cha yai, maini, samaki wenye mafuta. Dagaa wa Ziwa Nyasa mle wazima na mifupa yao, kalsiamu iko humo. Viazi peke yake asubuhi na jioni havimtoshi mtoto.

Tunarudi kwa muuzaji. Makete tunajua UKIMWI ulivyotuachia yatima, hatutaki mtu aache ARV au dawa za TB kwa ajili ya chupa. Dar es Salaam walijaribu kwa watu 4,000 wenye virusi walioanza ARV na waliopungukiwa vitamini D. Matokeo yalitoka mwaka 2020: vidonge hivyo havikupunguza vifo wala TB ya mapafu. Tena ukizidisha, kalsiamu inajaa kwenye damu na figo zinaumia. Daktari akikupima akakuandikia, hiyo ni sawa, meza.

Mfuko wa jamii basi utanunua matetea. Kila mama mwenye mtoto chini ya miaka miwili atapata mawili, na mayai ya kwanza ni ya mtoto, siyo ya gulio. Tutapita kukagua. Mwenye mtoto ambaye miguu imeanza kupinda amwone katibu leo kabla hatujatawanyika, tumsindikize hospitali, nauli itatoka mfukoni.

Mweka hazina, karibu na hesabu.