Kurusha mshipi hakutaki nguvu



Msikilizaji wetu mmoja wa Malangali, Sumbawanga, anauliza: mtu atajifunzaje kuvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, hali Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika yako mbali, chini kabisa ya uwanda wa Ufipa? Namjibu kwamba aanzie kwenye nyasi. Penye maji mwanafunzi humfikiria samaki, akausahau mkono wake.

Wapo watakaosema huo ni mchezo wa Wazungu. Kweli, trauti wa Uskochi walitiwa katika mto Gura, Kenya, mwaka 1905 kwa ajili ya starehe yao. Lakini hata hapa Tanzania wageni wamekuwa wakilipa fedha nyingi kwenda mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, kumfuata samaki wa meno makali. Mito ni yetu, samaki ni wetu. Kwa nini anayemwonyesha mgeni namna ya kurusha asiwe kijana wetu?

Sasa kazi yenyewe. Katika uvuvi tuliouzoea, chubwi ndilo huvuta mshipi. Hapa nzi hana uzito wowote. Mshipi wenyewe ni mnene, nao ndio mzigo unaorushwa. Toa mita nane hivi, funga kipande cha uzi wa sufi badala ya ndoana. Inua ufito polepole, ongeza mwendo, kisha simamisha ghafla.

Vitabu vyao hupima kwa uso wa saa. Kwa hesabu yetu, ufito ukomee saa nne mbele na saa nane nyuma. Wengi huuacha uangukie saa tisa, na mshipi ukalala nyasini mgongoni mwao.

Ukisha kusimamisha, ngoja. Hapa ndipo wenye misuli wanaposhindwa. Mshipi lazima ujinyooshe wote nyuma kabla hujausukuma mbele, na urefu wa kungoja hubadilika kila unapoongeza mshipi. Geuza shingo uutazame, si aibu. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umeharakisha, na mtoni nzi wako angekwisha katika.

Upepo wa Ufipa wakati wa kiangazi ni mwalimu mkali. Anayetumia mkono wa kulia asimame upepo ukimjia kutoka kushoto, la sivyo siku atakapofunga ndoana halisi itamnasa sikio. Kofia na miwani visikose.

Robo saa kila jioni yafaa kuliko Jumapili nzima ya kuchoka, maana mkono uliochoka hujifunza makosa. Ukiona mshipi unatua ulionyooka mara kumi mfululizo, panda basi uende ziwani. Na ukishuka Rukwa, usiige wale wa pichani wanaosimama majini hadi kiunoni. Rusha ukiwa nchi kavu, mbali na ukingo: kule kuna mamba.