Kumkabidhi Mtoto kwa Mtu Asiye Ndugu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida)



Kamati imeniomba niseme juu ya jambo ambalo makarani wengi hulitenda kwa huruma, wala hawaulizi kwanza. Tukifika mahali pa kazi, watu hutuletea mtoto wao tumsomeshe, nasi humpokea kwa barua moja yenye muhuri wa kijiji. (Wako wampokeao kwa jina la masomo kisha wakamfanya mchota maji, hao sisemi nao leo.)

Mimi nilimpokea mmoja hivyo, upande wa Ikungi. Mama yake alitia dole gumba, muhuri ukagongwa, nikadhani yamekwisha. Mwaka wa tatu nikapata uhamisho. Ndipo akaja ndugu wa marehemu babaye, akauliza, "Wampeleka wapi mtoto wetu, nawe u nani kwake?" Sikuwa na jibu. Kwa desturi ya Wanyaturu mtoto huhesabiwa upande wa baba. Kama ningekuwa Mkalama kwa Wanyisanzu, ambao kwa asili huhesabu ukoo kwa mama, angenijia mjomba.

Lakini hata ukoo mzima ungaliridhia, barua ile isingalinifanya mzazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetenga kulea na kuasili. Mlezi hutunza tu, na mtoto hubaki wa wazazi wake. Kuasili huamriwa na mahakama. Tangu amri hiyo wazazi waliomzaa hawana tena haki wala wajibu juu yake, naye huhesabiwa kana kwamba amezaliwa nyumbani mwako, hata katika urithi. Mwombaji asiye ndugu sharti awe ametimiza miaka 25, tena amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Mimi nilikuwa na miaka 31 na mtoto 12, hesabuni wenyewe.

Basi, wa kuendewa kwanza ni Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, kabla mtoto hajahamia kwako, kwa kuwa ndiye achunguzaye nyumba na hali ya mlezi. Sisi tulimwendea tumechelewa, mimi, mama na yule baba mdogo. Nilihama peke yangu. Mtoto alinifuata baada ya miezi saba, kwa malezi tu, na jina la babaye analo mpaka leo.