Basi la Kaunti Litalipwa na Nani?

Wadau, haya ndiyo niliyowaambia vijana wenzangu pale Ukunda Jumamosi. Nimeyakata vipande vipande. Sitaji chama wala mwanasiasa, kwa hivyo tusitukanane.

1. Mamangu hutoka Msambweni kwenda Mombasa kununua bidhaa. Matatu hadi Ukunda, nyingine hadi Likoni, kisha feri. Mafuta yakipanda nauli hupanda, mvua ikinyesha nayo hupanda. Lakini kwa feri, mtu wa miguu halipi hata ndururu. Umewahi kujiuliza kwa nini?

2. Si kwamba feri haina gharama. Magari hulipa, na pengo hubebwa na pesa za umma. Yaani usafiri unaolipiwa na kodi tunao tayari. Anayekwambia hauwezekani, mpeleke Likoni.

3. Sasa barabarani. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti usafiri wa umma wa barabarani na maegesho. Lakini barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga iko mikononi mwa serikali kuu. Ndiyo maana kwenye mijadala watu hurushiana mpira.

4. Pesa za kaunti hutoka wapi? Kwanza, mgao: Kifungu cha 203 kinataka kaunti zote 47 zigawane angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Pili, ruzuku zenye masharti. Tatu, makusanyo yake: Kifungu cha 209 kinaruhusu kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za huduma. Ada ya steji imo humo. Matatu ikilipa, mwenye gari huirudisha kwenye nauli yako. Huna gari, lakini unachangia!

5. "Si tutumie mgao tu?" Sawa, lakini mgao huo huo ndio unaolipa wauguzi, walimu wa chekechea na dawa za hospitali ya Msambweni. Ukiahidi basi bila pesa mpya, tuambie utapunguza wapi.

6. Maoni yangu: usafiri mzuri hupandisha bei ya viwanja vya Diani. Mwenye ploti ya ufuoni hufaidika bila kunyanyua jembe. Basi kodi ya ardhi yake ichangie zaidi kuliko nauli ya mama mboga. Wanaopinga wana hoja pia: hoteli huajiri watu wetu, na ukizikaba sana vibarua hupotea. Hapo tujadili kiwango.

7. Mgombea akija stejini na ahadi ya nauli nafuu, muulize: Pesa ni za mfuko gani? Nani atalipa zaidi? Na mgao ukichelewa, kama tulivyozoea, nani atatia mafuta?

Makofi baadaye. Akijibu vizuri, tumsikilize, hata kama si wa upande wako.