NYUMBA KAVU NI AKIBA YA MKULIMA

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu cha Ushirika



Nimeagizwa niseme juu ya ujenzi wa nyumba. Huenda mmoja wenu akauliza moyoni, ushirika na matofali vina uhusiano gani? Jawabu ni jepesi. Mkulima wa Rungwe akiisha kulipwa bei ya kahawa yake au ya majani yake ya chai, jambo analolifikiri baada ya karo ya watoto ni nyumba. Jasho lake la miaka mingi huingia katika kuta zile. Nyumba ikioza, jasho lile limepotea, sawasawa na kama lingepotea katika mizani ya udanganyifu. Kwa hiyo habari ya nyumba ni habari ya ushirika.

Wilaya yetu imejaliwa mvua. Huanza Novemba na kuendelea mpaka Mei, na pande za mlimani kiasi chake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo yatupa migomba, chai na kahawa, na hiyo hiyo ndiyo iharibuyo kuta zetu. Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba zao za mianzi zilimstaajabisha Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyepita kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1879. Mianzi ilipitisha hewa, moshi wa jikoni ulikausha paa, na kilichooza kiling'olewa kikawekwa kingine. Sisi leo twajenga kwa matofali. Ukuta wa matofali haung'olewi kwa siku moja. Basi imetupasa kuujenga vema tangu mwanzo.

Neno langu kubwa leo ni hili: unyevu hautibiwi kwa lipu wala kwa rangi. Hutibiwa kwa kuifunga njia ya maji. Mtu apakaye rangi juu ya ukuta wenye maji hufanana na mtu afunikaye donda bila kuliosha.

TOFALI LENYEWE

Kabla ya kufyatua, upime udongo. Tia udongo katika chupa ya kioo hata nusu, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha uiache usiku kucha. Asubuhi utaona mchanga umelala chini na mfinyanzi umekaa juu. Udongo wenye mfinyanzi kupita kiasi hupasuka ukikauka. Wenye mchanga mwingi mno hutoa matofali yanayopukutika. Matofali yakaushwe kivulini mpaka yakauke hata moyoni, kwa kuwa tofali lenye maji ndani hupasuka likiingia katika tanuru.

Yakiisha kuchomwa, yajaribiwe. Kwanza, gonga mawili pamoja. Yakilia kama chuma yameiva, yakitoa sauti butu hayajaiva. Pili, liloweke moja usiku kucha, lisimeguke. Tatu, lipime kwa mizani likiwa kavu, kisha ulipime tena baada ya kuloweka. Tofali la kilo 3 likizidi kilo 3 na nusu, limekunywa maji mno. Mizani tunayo katika kila chama cha msingi. Kwa nini isipime matofali baada ya msimu wa kahawa? Yale ya pembeni mwa tanuru, yaliyoiva nusu, yatumike katika kuta za ndani tu, wala yasiwekwe kamwe katika msingi.

Tanuru hula kuni nyingi, na misitu ya Mlima Rungwe ndiyo mama wa chemchemi zetu. Pumba za mpunga kutoka Kyela na maganda ya kahawa husaidia sana kupunguza kuni. Tena yako matofali yasiyochomwa kabisa, ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine ya namna hiyo ilibuniwa Bogotá, katika nchi ya Kolombia, katika miaka ya 1950, nayo imeenea duniani kwa sababu haihitaji umeme wala moto.

NJIA YA KWANZA YA MAJI: CHINI

Mmeona jinsi utambi wa taa unavyonyonya mafuta na kuyapandisha juu. Tofali na udongo hufanya vivyo hivyo. Maji ya ardhini hupanda ukutani futi mbili au tatu. Dalili zake ni mstari wa madoa kuzunguka chumba, unga mweupe wa chumvi, na lipu inayobanduka.

Kwa nyumba mpya, msingi uinuke juu ya ardhi angalau inchi 6. Kwa mvua zetu, afadhali futi moja. Juu yake piga tabaka la saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 3, utandaze nailoni nzito upana wote wa ukuta, na mahali vipande vinapokutana vipandane inchi 6. Ndipo tofali la kwanza la ukuta lilazwe. Nailoni iwekwe pia chini ya zege ya sakafu. Wajenzi wengi huiacha kazi hii kwa sababu haionekani na wageni. Lakini ni ile isiyoonekana inayolinda ile inayoonekana, na gharama yake ni ndogo sana mbele ya gharama ya nyumba nzima.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, usikate tamaa. Ondoa udongo uliorundikana ukutani kwa miaka mingi. Chimba mfereji kuizunguka nyumba, wenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali, lakini usichimbe karibu mno hata ukaudhoofisha msingi. Bandua lipu ya saruji iliyoharibika mpaka futi moja juu ya madoa, kisha uache ukuta ukauke kiangazi chote, tangu Juni hata Oktoba. Ndipo upige lipu ya chokaa na mchanga. Lipu ngumu ya saruji huyafungia maji ndani ya ukuta. Ya chokaa huyaruhusu kutoka.

NJIA YA PILI: JUU NA UBAVUNI

Paa litokeze nje ya ukuta futi mbili. Misumari ya bati ipigwe penye mgongo wa bati, wala si bondeni ambako maji hupita. Na tufanye hesabu kidogo. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8, likinyeshewa milimita 2,000, hupokea lita 160,000 kwa mwaka. Maji hayo yote yakimwagika miguuni mwa ukuta, hakuna msingi utakaostahimili. Yakiongozwa kwa gata mpaka katika tangi, yatamwondolea mama wa nyumba safari nyingi za mtoni. Pale yanapodondokea tandaza kokoto, yasirushe tope ukutani.

Matofali yaloweshwe kabla ya kulazwa, ili yasinyonye maji ya udongo wa kujengea. Saruji sehemu 1 kwa mchanga sehemu 6 yatosha kwa kuta za kawaida. Viungo vijazwe kabisa, maana tundu dogo ni mlango wa mvua ya upepo. Ukuta umwagiliwe maji siku 7, ili saruji ishike.

NJIA YA TATU: NDANI

Maji mengine huyaleta wenye nyumba: pumzi zetu, mvuke wa vyungu, nguo zinazoanikwa chumbani. Nyumba isiyo na matundu ya hewa chini ya paa, wala madirisha yanayoelekeana, huota kuvu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya jambo hili, likaonyesha kwamba unyevu na kuvu nyumbani huandamana na kikohozi na pumu. Wanaoumia kwanza ni watoto.

Na mazao nayo huumia. Kahawa iliyokaushwa mpaka unyevu wa asilimia 11 hivi ikilazwa juu ya sakafu yenye maji huunyonya unyevu tena, ikapoteza rangi na harufu yake, na daraja lake likashuka. Magunia yakae juu ya chaga, futi moja mbali na ukuta.

MAOMBI YANGU

Bwana Mwenyekiti, kwa kuwa hii ni sikukuu ya miaka 10, naliomba Chama Kikuu mambo matatu. Kinunue nailoni na chokaa kwa wingi, kiwauzie wanachama kwa bei nafuu, kama kinavyofanya kwa mbolea. Kila chama cha msingi kiwe na mashine moja ya matofali, itumike kwa zamu. Na kila kijiji kichague kijana mmoja afundishwe uashi, awe fundi wa wote.

Vyama vikuu vya nchi yetu vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Waliokuwapo wajua ya kuwa kujenga upya ni ghali kuliko kutunza. Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi mvua za Novemba zisitukute tungali tunapaka rangi. Kila mtu arudi kwake, auzunguke ukuta wake, atazame maji yanapita wapi.