Ziara ya Tanga: Kazi Huanza Kabla ya Safari

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wanaojiandaa kwa ziara ya mafunzo mjini Tanga.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya matayarisho ya ziara ya Tanga. Bila shaka nyote mmepata kuusikia msemo wanaotaniwa nao watu wa mji huo: waja leo, warudi leo. Wenyeji huutumia kwa ucheshi. Sisi wageni, kwa bahati mbaya, tumeugeuza utani huo kuwa ratiba. Basi huondoka Dar es Salaam alfajiri, hukata kilomita zipatazo 350 kwa kupitia Chalinze na Segera, watu hushushwa Raskazone, huoga, hula, hupigwa picha, na kabla ya magharibi dereva huanza kupiga honi. Huko ndiko tunakokuita ziara ya mafunzo.

Sina ugomvi na kuoga baharini. Mtoto aliyezaliwa Dodoma au Shinyanga anayo haki ya kuiona bahari na kuyaonja maji yake ya chumvi. Ugomvi wangu ni juu ya michango. Mzazi aliyeuza magunia yake ya mahindi kabla ya bei kupanda, ili mwanawe asiachwe nyuma, anastahili kujua mtoto huyo amerudi na nini. Na yule ambaye mzazi wake hakuwa na cha kuuza, akabaki peke yake darasani siku ile, naye tutamweleza nini? Kwa hiyo jambo la kwanza katika matayarisho ni hesabu, nayo ifanywe muhula mzima kabla ya safari. Kiwango kipangwe kwa kumtazama mzazi wa chini kabisa, kilipwe kidogo kidogo, na fedha isipotosha, tupunguze mahali pa kutembelea badala ya kupunguza majina ya wanafunzi.

Jambo la pili ni kuchagua. Tanga ina mambo mengi, na mwenye kutaka kuyaona yote kwa siku moja hataona hata moja. Napendekeza siku mbili kamili na malazi ya usiku mmoja, ikiwezekana katika mabweni ya shule wakati wa likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha. Barua ya kuomba malazi ipelekwe mapema ofisi ya elimu. Msingoje kufika na wanafunzi sitini mlangoni.

Sasa tuchague nini? Mimi ningeanza na habari ya kazi, kwa sababu mji huu ulijengwa kwa kazi za watu waliotoka mbali. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga kwenda bara. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka huo huo wa 1893, Dk. Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache likakua zao lililoipatia nchi yetu tani zipatazo 230,000 mwaka 1964, kabla nyuzi za viwandani hazijaliangusha katika soko la dunia.

Mashamba yale yalilimwa na manamba kutoka Songea, Iringa, Kigoma na hata nje ya mipaka yetu. Hapa ndipo mwalimu anapopata somo lisilohitaji hata senti moja. Mwezi mmoja kabla ya safari, kila mwanafunzi aulize nyumbani: je, katika ukoo wetu yuko aliyepata kwenda kukata mkonge Tanga? Alikwenda vipi, alilipwa nini, alirudi? Katika shule za nyanda za juu kusini na za magharibi, nina hakika majibu hayatakosekana. Mtoto atakayekwenda Tanga akijua kwamba babu wa mama yake alishuka hapo na kipande chake cha kazi mkononi hatahitaji kuhimizwa kutazama.

Kwa walimu iko habari nyingine. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake ya kwanza ya serikali katika nchi hii hapo hapo Tanga, mwaka 1892. Ilifundisha kwa Kiswahili, na ilitoa makarani, walimu na maakida. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule hiyo ilikuwa ikichapa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Yafaa tuwaulize vijana wetu: mtawala yule alitaka nini alipomfundisha Mwafrika kusoma, na Mwafrika yule alikifanyia nini kisomo hicho baadaye?

Sehemu ya jibu iko Machui, kusini mwa mji, kwenye kaburi la Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, miezi michache tu baada ya Uhuru. Watumishi wa umma wanapaswa kukumbuka kwamba mtu huyu hakuwa na cheo kikubwa. Alianza kazi mwaka 1926 akiwa karani wa forodha, na karibu maisha yake yote ya kazi yalipita katika ofisi za serikali ya kikoloni. Vitabu vile tunavyovifundisha aliviandika akiwa mtumishi wa mshahara mdogo, mwenye familia ya kulisha. Mwalimu anayempeleka darasa mbele ya kaburi lile bila wanafunzi kuwa wamesoma hata kitabu chake kimoja anawapeleka kutazama udongo. Tena, kaburi ni la watu. Ziko taratibu za kijiji na za ukoo, na ruhusa iombwe kabla.

Siku hiyo hiyo, upande huo huo wa kusini, mnaweza kufika Tongoni, pasipofika kilomita 20 kutoka mjini. Hapo upo msikiti uliobomoka na makaburi ya kale yapatayo 40, mengine yenye nguzo. Tazameni mashimo ya duara katika nguzo hizo: ndimo vilimopachikwa vyombo vya kaure vilivyoletwa kwa biashara ya bahari. Mji huu ulikuwapo kabla ya Vasco da Gama kupita pwani hii mwaka 1498. Waambieni vijana wahesabu wenyewe ni karne ngapi kabla ya Mjerumani.

Siku ya pili iwe ya mjini: Boma la zamani, stesheni, na mitaa ya Ngamiani yenye barabara zinazoitwa kwa namba. Kuhusu vita ya Novemba 1914, kila msimulizi atawapa kisa cha nyuki waliowashambulia askari wa Mwingereza. Nyuki kweli walikuwapo. Lakini darasa lisiishie kwenye kicheko. Askari wapatao 8,000 walioletwa kutoka India walishindwa na jeshi la Mjerumani la askari wapatao 1,000, na wengi wa hao 1,000 walikuwa Waafrika. Walikuwa wakimpigania nani?

Mapango ya Amboni nayaweka mwisho kwa makusudi, maana hayo ndiyo kila mtu huyakumbuka bila kuambiwa. Ni mapango ya mawe ya chokaa, yako kilomita chache kaskazini mwa mji. Msiingie bila mwongozaji, kila kundi liwe na tochi zake, na mwenye ugonjwa wa pumu aulizwe kabla. Mtaambiwa kuwa njia zake zinafika Mombasa au Kilimanjaro. Pokeeni kisa hicho kama kisa. Sehemu ya mzimu iheshimiwe, hata na asiyeiamini.

Wanaotaka kuvuka kwenda kisiwa cha Toten wazungumze na nahodha siku moja kabla, habari ya kupwa na kujaa kwa maji, na mtu asipande chombo kisicho na jaketi za kuokolea kwa kila abiria.

Na Raskazone je? Nimeipangia jioni ya siku ya pili, baada ya kazi. Mwalimu awe na orodha ya wasiojua kuogelea, wawili wawili washikane, na awahesabu wote wakiingia majini na wakitoka.