Uvimbe wa Taya kwa Mtoto

Leo tuanzie shambani. Majani chai hustawi kwetu karibu na msitu wa Aberdare, lakini ukiipeleka miche hiyohiyo Mwea, utapata hasara. Mwaka wa 1889, daktari Stephen Paget wa London alieleza saratani kwa mfano kama huo: seli iliyoharibika ni mbegu, na mahali inapotua mwilini ni udongo. Watafiti wa leo wanauchunguza sana huo udongo, yaani mishipa ya damu, askari wa mwili na seli nyingine zinazouzunguka uvimbe.

Kisa kinachoonyesha jambo hili kilitokea hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki kumi hivi, wakipita hospitali baada ya hospitali wakiulizia uvimbe huo. Nyanda za juu zenye baridi ulikuwa nadra. Penye joto na mvua, penye malaria, ulionekana mara nyingi.

Kwa nini? Mwaka wa 1964 virusi viitwavyo Epstein-Barr vilipatikana ndani ya seli za uvimbe huo. Karibu kila mtoto hupata virusi hivi kupitia mate, na wengi hawaugui saratani. Lakini malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, askari wanaovidhibiti huchoka, na seli zinazovibeba huzaana ovyo. Hapo ndipo seli moja huweza kuharibika. Mbegu tunayo karibu sote; malaria ndiyo inayotifua udongo.

Sisi wa milimani hupenda kujisifu eti mbu hatumjui. Lakini kuna watoto wetu waliolelewa miaka kadhaa Pwani au karibu na Ziwa Victoria. Hata asiyewahi kutoka Tetu anaweza kuupata, hasa kinga yake ikiwa imepunguzwa na virusi vya Ukimwi.

Mama, uvimbe huu hukua upesi kuliko karibu saratani zote. Seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa hivyo usiseme tungoje bonasi ya chai. Ukiona jino limelegea bila sababu, au taya, tumbo ama upande wa jicho umevimba, mpeleke mtoto hospitali wiki hiyo hiyo. Wengine hung'olewa jino wakarudishwa nyumbani. Jino likitoka na uvimbe ukabaki, omba barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Nyeri, ili kipande cha uvimbe kikatwe na kupimwa. Mweleze daktari ulianza lini, na mtoto amewahi kuishi wapi.

Uvimbe huu husikia dawa vizuri, na watoto wengi wanaotibiwa mapema na kumaliza dawa hupona. Uvimbe ukinywea baada ya dawa ya kwanza, usiache kumrudisha.

Kuhusu swali mnalouliza sana: saratani yenyewe haiambukizi. Mwacheni alale na ndugu zake.