Kulala Ziwa Ellis: Maandalizi Huanzia Nyumbani



Likizo inakaribia, na vikundi vingi vya vijana, makanisa na vyuo vinapanga kwenda kulala Ziwa Ellis, upande wa Chogoria wa Mlima Kenya. Ni mahali pazuri. Lakini huko hakuna duka wala hospitali, na simu mara nyingi hazishiki mtandao. Kwa hivyo, usalama wenu unategemea mipango mnayofanya hapa Nairobi.

Kwanza, mwinuko. Jiji letu liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko karibu mita 3,450. Ukitoka mjini alfajiri na kulala ziwani usiku huohuo, mwili haupati nafasi ya kuzoea. Laleni usiku wa kwanza karibu na lango la Chogoria, kisha mwendelee kesho yake. Mtu akiumwa kichwa na kutapika, asipande zaidi. Akipepesuka, akichanganyikiwa au akikosa pumzi hata akiwa ameketi, mshusheni mara moja, msingoje asubuhi. Ndiyo maana ni lazima mkubaliane mapema na dereva na kiongozi wa eneo hilo.

Pili, baridi. Usiku joto huweza kushuka hadi karibu na sifuri. Msiingize jiko la makaa hemani: hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu hulala asiamke. Bebeni blanketi nzito na nguo kavu za kulalia. Pikeni nje kwa jiko la gesi, kwani nyasi za huko hushika moto upesi. Mwaka 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mlima.

Tatu, msimu. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, hufaa zaidi. Wakati wa masika barabara ya msituni hujaa tope.

Lipeni ada za KWS kupitia eCitizen na mjiandikishe langoni. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu 5 Juni 2020. Chemsheni maji ya kunywa.

Mwisho, mwachieni jamaa karatasi yenye majina yenu, njia, nambari ya dereva, na siku na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita bila habari, apige 999 au 112.

Mvua ikizidi au mmoja akiugua, rudini. Ziwa halihami, mtaenda tena.